Spana ya Sinki Letu

Wiki iliyopita, kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Lushoto mjini, niliona spana yenye shingo ndefu na kichwa kinachogeuka, ya kufungia nati zilizojificha nyuma ya sinki. Niliishika kidogo, nikairudisha.

Baba hakuwa na spana kama hiyo. Alikuwa na ya kawaida, aliyoipasha moto na kuipinda mwenyewe kwa ajili ya sinki letu tu. Nikiwa bado mtoto, alasiri ile tuliporudi kutoka kumzika mama, nyumba ilinuka maharage ya msibani na moshi wa mkaratusi. Baba akaingia chini ya sinki, akasema linavuja. Nilikaa sakafuni kando yake nikimpa spana. Nilianza na ile iliyopindwa. Niliisikia ikiibana nati, kisha akanirudishia.

"Nipe nyingine."

Nikampa nyingine, na nyingine, hadi spana za kwenye boksi lake zikaisha, tukaanza upya.

Shangazi akaja mlangoni. "Kaka, wageni wa Mtae wamefika. Wanataka kukupa pole."

"Nakuja. Bado sijapata spana yake."

Niliona aibu. Nilidhani msiba umemsahaulisha kazi, fundi mzima asiijue spana ya sinki lake. Nilitaka kumwambia ni ile ya kwanza, nikaogopa.

Sasa na mimi ni fundi bomba, na sinki linalovuja nalijua. Sakafu niliyoikalia alasiri ile nzima ilikuwa kavu.