Mafuta ya Kidole Gumba

Tangu mtambuzi wa silaha za kale ahame, chumbani mwake hausikiki tena mlio wa ukucha kwenye chuma. Aligonga kila upanga, akainamisha sikio, kisha akanusa kutu kama mpishi anayepima chumvi. Silaha za bandia alizitupa sakafuni, iwe bunduki au ngao. Za kweli alizipaka mafuta kwa kidole gumba, taratibu, huku akijinong'oneza. Mjane mshonaji wa mlango wa pili aliyaona hayo miaka yote. Siku alipompelekea upanga wa marehemu mumewe, kitu pekee alichomwekea mwanawe, mtambuzi aligonga, akanusa, akaguna. "Bandia, shemeji. Kutu hii imepikwa kwa siki. Niachie tu, nikutupie na vyuma chakavu." Sauti ilikuwa laini kupita kiasi. Mjane hakumtazama usoni, alimtazama mkono. Kidole gumba kilikwisha chovywa kwenye mafuta, kinateleza kwenye bapa la upanga.

"Kumbe na chuma chakavu hupakwa mafuta, shemeji?"

Kidole kikasimama. Mjane akauviringisha upanga wake, akatoka nao. Siku hizi yule bwana yuko makumbusho, ndiye anayewaambia watu kipi ni bandia.