Irisi ya Daktari wa Meno

Chama cha Wapanda Maua, baada ya kutafakari kwa kina, kinawatangazia wote kwamba irisi yenye ndevu haichanui mahali pasipo na baridi kali. Anayedai imechanua kwake hajui maua, au hasemi kweli.

Tamko hilo aliliandika katibu wa chama, daktari wa meno mstaafu, siku aliyokata tamaa. Lilibaki kupigiwa kura sebuleni kwake, katika mkutano wa miezi kadhaa baadaye. Likipita, aibu yake ingegeuka elimu. Lisipopita, angebaki mzee aliyeshindwa na majani.

Na kushindwa alishindwa hasa. Shemeji yake alimletea mizizi minene kama vidole vya tangawizi, akamwagiza aipande juujuu, migongo ipigwe na jua. Daktari akacheka. Maisha yake yote hakuona mzizi uliochungulia nje ukamletea mtu heri. Jino likifikia hapo, huwa linaomba koleo. Akaizika mpaka shingoni, akaisimikia mwavuli, akaimwagilia asubuhi na jioni. Ilipogoma kuchanua, akakata shauri kuwa inataka baridi, akaanza kuitandikia barafu ya friji.

"Baba watoto," mkewe alisema, "hata maiti hatandikiwi barafu namna hii. Na wageni wanakunywa maji ya moto."

"Sayansi inataka subira, mke wangu."

Sayansi ikaanza kunuka. Daktari akaing'oa ile mizizi, mibovu kwa mizima, akaitupa juu ya kifusi nyuma ya bafu, mahali pasipo kivuli wala mtu wa kumwagilia chochote. Kisha akakaa akaandika tamko.

Mchana wa mkutano, mama mkwe wake alikwenda nyuma ya bafu kuanika mashuka. Akarudi na bua refu lenye ua la zambarau na matumba mawili, ua lenyewe limeota ndevu za manjano.

"Mkwe, hili si lako?"

Daktari akalitazama kama mtu aliyemwona marehemu akiomba kiti.

"Mama, litie tu kapuni."

"Kapuni? Lina ndevu nzuri kuliko zako!"

Akalitia kwenye jagi, jagi akaliweka katikati ya meza. Mama mkwe habishiwi.

Wanachama wakafika, wakaketi kulizunguka.

"Katibu," mwenyekiti akauliza, "hili ni ua gani?"

Daktari akajibu haraka, "La plastiki."

"Nilijua. Mimi mtu hanidanganyi kwa maua."

"Siku hizi wanayatengeneza," mweka hazina akasema, akilipapasa. "Mpaka ndevu!"

"Haya," mama mkwe akasema kutoka mlangoni, "na mimi mjinga nimelitia maji."

Wote wakacheka, daktari akiwa wa mwisho kunyamaza. Tamko likasomwa, mikono ikanyooshwa, likapita bila kupingwa.

Makofi yalipokwisha, tumba moja lilikuwa limefunguka.