Pangaboi la Athumani

Sisi tuliokulia Kilimarondo miaka ya tisini, ndege hatukununuliwa. Tuliziunda wenyewe kwa mabua ya mtama. Mbele tulifunga pangaboi lililozunguka kwenye spoku ya baiskeli, tukakimbia nazo barabarani vumbi likitujaa mdomoni, mpaka mama zetu watuite kula ugali na kisamvu. Vijana wa sasa wakiishiwa bando huona kama wamefiwa.

Rafiki yangu Athumani hakuridhika na pangaboi la kawaida. Alichonga jipya kila mara: mara lenye mabawa matatu, mara mapana, mara yaliyopindwa ncha. Alitaka ndege ijivute yenyewe bila mbio za mtu. Tulimuuliza itaruka lini, au inasubiri kuota manyoya. Alijibu taratibu tu, "Subirini. Mtaikimbiza nyie."

Ulikuwa msimu wa korosho. Wazee wetu walizoea kupaka nguzo za nyumba yale mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho zikibanikwa, ili mchwa wasizile. Mafuta hayo hubabua ngozi, na kila mtoto alilijua hilo. Lakini Athumani aliona jinsi nguzo zilivyokuwa nzito na laini, akawaza pangaboi lake nalo liwe hivyo, lizunguke kwa muda mrefu zaidi. Akalipaka. Hakusubiri likauke. Alizungushia uzi kwenye spoku, akainama kuangalia kama limekaa sawa, akavuta.

Lilizunguka vizuri kuliko yote aliyowahi kuchonga. Matone yakaruka, yakamwingia jicho la kulia.

Kwetu jicho likiumia hukamuliwa maziwa ya mama anayenyonyesha. Jirani alimwacha mwanawe akilia, akaja kumkamulia Athumani asubuhi na jioni, nasi tukaamini. Baba yangu, aliyetufundisha Kurani, alimsomea dua kila baada ya swala. Lilipopatikana lori la korosho la kumfikisha hospitali Nachingwea, jicho lilikuwa limeshageuka jeupe. Mama yake alimshika kidevu.

"Mwanangu, niangalie. Unaniona?"

"Nakuona, mama. Nusu."

Hakuna aliyemlaumu yule jirani. Alitoa alichokuwa nacho, na mwanawe akalala na njaa. Mimi nilichelewa sana kuweza kumshukuru Mungu kwa jicho lililobaki. Shukrani nyingine huja polepole, kama kupona.

Siku hizi Athumani anaishi Ruangwa, nami humtembelea nikijaliwa. Bodaboda zipo, mgonjwa hasubiri lori. Watoto wa mtaani kwake wana macho yote mawili, na yote yako kwenye simu. Ndege ikipita juu hakuna anayeinua uso. Athumani ndiye anayesimama. Hugeuza kichwa chote kuitafuta kwa jicho la kushoto, na aghalabu anapoipata inakuwa imeshaingia mawinguni. Husema alhamdulillahi, akakaa.