Maneno Madogo ya Mwalimu Yona

Yona ni mzaliwa wa Maneromango, Kisarawe, na ukimkuta uwanjani katikati ya wanafunzi wa darasa la saba utahangaika kujua mwalimu ni yupi. Urefu ulimpita kando. Mama yake alikuwa akisema mtoto atachipuka tu akifika kidato cha pili. Akafika cha pili, akafika cha nne, na suruali ya shule aliyonunuliwa mwanzo ikaendelea kumtosha.

Katika shule ya bweni aliyosoma kulikuwa na Abednego, kijana mrefu mwenye maneno mengi. Ndiye aliyeanza kumwita “Tiny”. Jina likashika. Baadaye wenzao wakaona halitoshi, wakaanza kupekua kamusi ya Kiingereza kutafuta maneno mengine ya kitu kidogo. Kila aliyepata jipya alikuja nalo bwaloni kama mtu aliyeokota dhahabu.

Yona aliwasubiri wamalize, kisha akaenda kwa mwalimu Matilda, aliyewafundisha Kiingereza, kumuuliza neno lile linaandikwaje, linatamkwaje, linafaa kwa kitu gani. Mwalimu Matilda alifurahi kupata mwanafunzi mwenye kiu ya lugha. Kiu ilikuwapo kweli, ila Yona hakusema imetoka wapi.

Neno moja tu lilimuuma. Mtu alimwita “runt”, na alipokwenda kuuliza akaambiwa ni mtoto wa nguruwe aliyezaliwa mdogo kuliko wenzake, yule anayesukumwa asifikie chuchu ya mama. Jioni ile hakula.

Kesho yake, kwenye foleni ya uji, Abednego akaja na neno lake, “minute”, ambalo kwa Kiingereza linaandikwa sawasawa na lile la dakika.

“Jamani, mpisheni Miniti apate uji!”

Yona akageuka. “Si miniti. Hapo umeniita dakika. Ukitaka kusema mimi ni mdogo mno, sema ‘mainyuti’. Sauti ipande mwishoni.”

“Nani kasema?”

“Kamuulize mwalimu Matilda. Kama mmeamua kunitukana kwa Kiingereza, nitukaneni kwa Kiingereza kilichonyooka. Mnaniaibisha.”

Foleni nzima ikaangua kicheko, na safari hiyo hakikumwelekea yeye. Abednego alijaribu kulitamka lile neno, likamgomea. Mitihani ilipokaribia alikuja mwenyewe kitandani kwa Yona, akainama asigonge kitanda cha juu. “Kaka, nielekeze insha, nitafeli.” Yona akamwelekeza. Ni marafiki mpaka leo.

Yona akasomea ualimu, akapangiwa shule ya msingi moja ya Kibaha. Siku alipoingia darasani mara ya kwanza, watoto wa nyuma waliziba midomo kwa viganja. Alipoandika tarehe na mkono ukaishia katikati ya ubao, wakashindwa kujizuia.

“Chekeni mmalize,” alisema, akaegemea meza. “Tayari? Haya, nani anieleze nilivyo, kwa Kiingereza?”

Kisha binti wa dawati la mbele, Dina, akanong’ona, “Small, sir.”

“Vizuri sana. Lakini ‘small’ kila mtu analo.” Akatoa harage mfukoni, akaliweka mezani. “Hili ni small.” Akaweka punje ya ufuta. “Hii ni tiny.” Akasugua chaki, akapuliza kiganja. “Chembe moja ya vumbi hili ni minute. Semeni, mainyuti.” Wakasema. “Na kile kidudu cha malaria kinachokaa kwenye damu, usichokiona mpaka kwa hadubini, hicho ni microscopic. Sasa mimi mmeniona tangu getini. Kwa hiyo nani hapa ni microscopic?”

“Hakuna, sir!”

“Tunaendelea.”

Wanafunzi wake hawakumcheka tena, isipokuwa pale alipotaka wacheke. Neno la nguruwe hakuwafundisha.

Holo alimpata kwenye kwaya ya usharika. Alikuwa nesi, binti wa Magembe, Msukuma mfugaji aliyehamia na ng’ombe wake ndani ndani huko, mbele ya Mlandizi. Yona akisimama kando yake anamfikia begani.

“Watu watatutazama,” Holo alimwambia.

“Waache watazame. Si wameona kizuri?”

Siku ya kwenda kujitambulisha, Yona alisindikizwa na mjomba wake Sebastian. Mzee Magembe aliwakaribisha, akatazama njia waliyojia.

“Mwoaji mwenyewe mmemwacha kwenye bodaboda?”

“Ni mimi, baba. Shikamoo.”

“Marahaba.” Mzee akamkagua polepole, kama anayekagua ndama mnadani. “Binti yangu ana kimo. Wewe utamtawala vipi?”

“Sikuja kumtawala, baba, nimekuja kumwoa. Nyumbani kwangu anayetakiwa ni mtu wa kufikia vitu vya juu. Vya chini navimudu.”

Ndani, mama yake Holo, Martina, akacheka kwa sauti. Mzee Magembe alijikaza, uso ukamshinda. Akaagiza wageni waletewe maziwa, na kabla jua halijazama wazee walikuwa wanajadili mwezi wa harusi.

Sasa wanajenga nyumba yao Sofu, huko huko Kibaha. Juzi fundi umeme, Seif, aliwauliza swichi aziweke usawa gani, maana kila nyumba anaziweka usawa wa kifua chake.

“Weka ninapofika mimi bila kujinyoosha,” Yona akasema, akaweka alama ya penseli ukutani.

Seif akamtazama Holo. “Shemeji, si utakuwa unainama kila ukiwasha taa?”

“Weka hapo hapo,” Holo akamjibu. “Ila kabati la jikoni, fundi wa mbao nimeshamwonyesha ninapofika mimi.”