Jitu limenila, almasi zikingoja bei

Leo shemeji yangu kaniua, jamani!

Ni kwenye mchezo wetu wa kuigiza ufalme, tunarusha dadu hapa Milanzi.

Jitu limeniteka. Linataka dhahabu kabla ya machweo, la sivyo linanila.

Almasi zetu anazo Shemeji Suzana, ambaye kazi yake ni kuuza mahindi. Auze tu sokoni, aje anikomboe!

"Bei mbaya, shem. Tuziweke ghalani mpaka mvua zianze."

"Shemeji, hizo almasi, siyo mahindi ya Mpui!"

"Tulia wewe. Walanguzi nawajua."

Jitu likanila. Mimi! Mtu niliyefika Lusaka mara mbili!

Zamu iliyofuata bei ikapanda. Wakashangilia wote, marehemu nawatazama.

Ugali wake nimekula, ila simsemeshi.

Nyie mngemsamehe?