Matundu Mawili Sakafuni

Saa sita ya usiku ilipita, na simu ya mwanangu Radoš ilikuwa bado imezimwa. Mimi na mume wangu, Života, tulikaa jikoni kwetu, mjini Požega, simu yangu mezani katikati yetu kama mgonjwa anayeangaliwa kama bado anapumua.

Radoš ana miaka thelathini na minne. Kwa miaka kumi na mmoja alisambaza mikate, na kiwanda kilipofungwa akalinunua lile gari kuukuu alilosambazia mikate. Akaweka kitanda, sinki, hita ya gesi, na pazia alilolishona mkewe, Jagoda. "Mama," aliniambia, "nimebeba mikate ya watu vya kutosha. Sasa naibeba familia yangu." Mwezi wa kumi na moja wakaondoka na binti yao Neda, mwenye miaka minne, kwenda kuiona Venisi.

Venisi ilikuwa mvua tupu; siku tatu walicheza karata garini. Slovenia pampu ya maji ikapasuka. Wakirudi kupitia Bosnia, theluji ikawakamata milimani Kupres na gari likazima kabisa. Fundi aitwaye Stipo akalivuta hadi uani kwake.

Saa mbili usiku Radoš alipiga. "Stipo atatafuta dinamo kesho. Hita inawaka, tutalala kama wafalme. Simu inakata chaji, mama, usikeshe."

"Mmevaa soksi?"

"Tumevaa. Hata gari tumelivisha."

Nikatulia. Saa tano, nikisuuza vikombe, nikamwambia Života, kwa kujisifu kidogo, "Angalau upepo haupiti. Niliyaziba yale matundu kabla hawajaondoka."

"Matundu gani?"

"Mawili ya sakafuni, karibu na hita, na lile la darini. Nilikata sweta lako la zamani."

Života aliweka chini kijiko chake taratibu. "Milunka. Yale aliyatoboa mwenyewe, makusudi. Hita inakula hewa. Ikikosa ya nje, inakula yao, halafu inatoa sumu isiyo na harufu. Mtu hasikii lolote, analala tu."

Kwetu kila mtoto anajua kwamba madirisha mawili yakifunguliwa pamoja, upepo ukapita kati yake, mtu anaweza kufa. Radoš alikuwa na miaka sita mwanamke mmoja alipofungua dirisha la pili ndani ya basi. Siku mbili baadaye mwanangu alikuwa hospitalini na homa ya mapafu. Nilikaa kitini pembeni yake siku kumi na tisa. Tangu hapo mimi ni mtu wa kuziba. Nimeziba hata tundu la funguo la chumba chake. Yeye hunicheka: "Mama akifika mbinguni, atauliza kwanza ni nani kaacha lango wazi."

Polisi wa kule walituambia barabara imefungwa, greda la kusukuma theluji litafika alfajiri. Alfajiri!

Tulichokuwa nacho ni picha. Radoš alikuwa ametutumia picha ya kibao cha karakana, maana Stipo alichora juu yake gari lenye macho ya ng'ombe na Neda akalipenda. Chini palikuwa na namba ya simu, na theluji ilikuwa imeganda juu ya tarakimu ya mwisho.

"Tarakimu ni kumi tu," alisema Života. "Anza na sifuri."

Sifuri, namba haipo. Moja, mwanamke alinilaani mimi na ukoo wangu. Mbili, iliita mpaka ikakata. Tatu, mzee mmoja mpweke. "Karakana? Mimi sina hata baiskeli, mwanangu. Lakini unatoka wapi?" Nilimkatia, Mungu anisamehe. Nne, haipo. Života akaichukua simu, akabonyeza tano, akanirudishia.

"Nani kafa?" ilisema sauti nzito ya mwanamume.

"Wewe ni Stipo fundi?"

"Inategemea nani anauliza usiku huu, mama."

"Mama yake Radoš! Kafungue gari! Nimeziba matundu ya hewa, mimi mwenyewe, na hita inawaka!"

Nikasikia buti, mbwa, theluji ikivunjika chini ya miguu.

"Vioo vimejaa mvuke," alisema akihema. Akagonga. "Radoš! We jamaa! Amka!" Akagonga tena kwa ngumi. "Hawajibu. Na mlango umeganda."

"Vunja!" Života alipiga kelele juu ya bega langu. "Vunja, kaka!"

Chuma kikagonga chuma. Kikagonga tena. Kisha nikausikia mlango wa gari la mikate ukilia kwenye reli yake, sauti ileile niliyoisikia kila alfajiri miaka kumi na mmoja, nikiwa kitandani.

"Stipo? Stipo!"

Mtu akakohoa. Halafu sauti ya mwanangu, nzito, ya kuburuta kama ya mlevi: "Funga mlango, bwana... upepo utampiga mtoto."

Na nyuma yake, kwa mbali, Neda akaanza kulia, na Jagoda akaita jina lake.

"Usifunge!" nililia ndani ya simu. "Stipo, usimsikilize! Fungua na mlango wa pili!"