Pei-chun na Tovuti ya Mabasi

Yeh Pei-chun hakumwamini mtu aliyemsifu. Alipoteza macho akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu hapo, alivyonieleza, watu walimsifu hata kwa kumimina chai bila kuimwaga.

Katika ofisi yetu hapa Tainan kazi yake ilikuwa kukagua tovuti. Anaketi na kibodi, kipanya hakigusi, programu ya sauti inamsomea kila kilichomo kwenye skrini, naye anasikiliza kama hakimu. Picha isiyo na maelezo, kitufe kisicho na jina, fomu inayomzungusha mtu asipate pa kutokea, vyote alivikataa. Mimi, Bao-yun, ninayeona, niliketi kando yake nikiandika ripoti.

Mwaka ule tulikagua tovuti ya kampuni moja ya mabasi ya masafa marefu, iliyojengwa na fundi aitwaye Hsueh. Kila kitufe kilijitaja, na Pei-chun alikata tiketi ya majaribio bila kukwama popote.

"Safi mno," akanong'ona. "Hsueh huyu mwaka jana hakujua hata kuandika maelezo ya picha."

"Si amejifunza?"

"Watu hawajifunzi haraka hivyo."

Lakini kosa hakuliona, na tovuti ikapewa nembo ya ukaguzi.

Wiki tatu baadaye alikwenda kukandwa mabega kwa A-liong, mkandaji asiyeona aliyesoma naye shule ya wasioona. Alirudi amefura.

"Eti tovuti ya mabasi ni bubu! Anasema simu inamwambia 'kitufe, kitufe, kitufe', basi. Anataka kwenda Taitung kwa dada yake, tiketi imemshinda."

"Labda ni kweli."

"A-liong alifanya mtihani wa ukaguzi akaanguka, mimi nikapita. Hajanisamehe." Akaifungua tovuti palepale, ikamsomea vituo vyote kwa ufasaha. "Umesikia? Mwongo yule."

Kesho yake shaka ikahama, ikanigeukia mimi.

"Bao-yun, wiki ile ya ukaguzi ulikula mchana na Hsueh."

"Tulikutana tu kwenye mkahawa wa tambi za samaki mkunga. Meza zilikuwa zimejaa."

"Mkaongea nini?"

"Mvua."

"Saa nzima, mvua tu?"

Uso uliniwaka, ingawa sikuwa na kosa. 

Mwishowe akamwita A-liong ofisini. Alikuja na fimbo yake, ananukia mafuta ya kafuri. "Haya, mheshimiwa mkaguzi, nimekuja kuhukumiwa."

Tukamuunganisha na intaneti ya ofisi, akaifungua tovuti kwenye simu yake. Ikasema wazi: "Chagua kituo cha kuondokea. Chagua tarehe." A-liong akashikwa na butwaa.

"Jana ilikuwa bubu. Naapa kwa mama yangu!"

"Mama yako amelala, mwache apumzike," Pei-chun akamjibu. "Kazi yako kusingizia tovuti za watu."

A-liong akageuka. Alitafuta ngazi kwa fimbo, akateremka. Nilimfuata kwa huruma. Alipofika barabarani, katikati ya pikipiki zilizoegeshwa, ubishi ukamshika, akajaribu tena.

"Kitufe," simu ikasema. "Kitufe. Picha. Kitufe."

Nikaangalia kioo cha simu. Rangi zilezile, basi lilelile lenye tabasamu. Kwa anayeona, hakuna kilichobadilika. Nikapiga kelele kumwita Pei-chun, akashuka mkono ukiambaa ukutani. Aliishika ile simu, akasikiliza. Akarudi nayo mlangoni, mahali intaneti ya ofisi inapofika, akaufungua ukurasa upya: ikasema. Akatoka nje: bubu. Alifanya hivyo mara nne, watu wakimshangaa.

"Inatujua," akasema polepole. "Inaitambua intaneti ya ofisi yetu. Sisi wakaguzi tunapewa kurasa zinazosema. Wengine wote wanapewa bubu."

Hsueh alipoitwa, kwanza aliisingizia simu kuukuu. Pei-chun akaweka yake mwenyewe mezani, ikitumia bando.

"Fumba macho, Bwana Hsueh. Nikatie tiketi ya Taitung."

Simu ikasema kitufe, kitufe. Akabonyeza hiki, akabonyeza kile, jasho likamtoka.

"Kurasa zilikuwa mia tatu," akasema macho yakiwa bado yamefumbwa. "Nilipewa wiki mbili. Niliweza kutengeneza nakala tisa tu za njia ya tiketi, na hazikuwa zimeunganishwa na mauzo halisi."

"Hizo tisa ukatuwekea sisi."

Akafumbua macho. Nembo ikaondolewa, kazi akapewa fundi mwingine, na ilichukua miezi minne tovuti ikae sawa. Siku hizi hakuna tovuti tunayoikagua kwa intaneti ya ofisi peke yake.

Pei-chun alikwenda kumwomba A-liong radhi. "Uliiamini mashine kuliko mimi," A-liong alimwambia, kisha akaanza kumkanda mabega.

Kwangu hakuja. Nilingoja wiki, nikangoja nyingine, kisha nikamwambia mwenyewe kwamba aliniumiza. Alivua vipokea sauti masikioni, akaviweka mezani.

"Hsueh ndiye niliyemshuku wa kwanza," akasema. "Kisha nikamwacha yeye, nikawageukia nyinyi. Hilo ndilo linalonitia aibu, Bao-yun."

Nikamwambia aibu hiyo inatosha. Tukaendelea na kazi.